Sungura wa Sumni, Nyati wa Jero: Jinsi ya Kukusanya Sarafu Zenye Wanyama

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, na ndani yake bibi yangu aliweka senti ambazo hata muuza karanga hakuzipokea tena. Tukienda Tanga likizo tulizimwaga mkekani tukagawana, si kwa thamani bali kwa wanyama. Mkubwa wetu alijitwalia mbuni wote. Mimi mdogo niliachiwa sungura, kwa sababu walikuwa wengi na hakuna aliyewagombea. Nilianza kukusanya sarafu hivyo, bila kujua kwamba nakusanya.

Siku hizi wanaoniuliza waanzie wapi huwa wameshaona kwenye simu sarafu ya tembo ya madini ya fedha tupu inayouzwa ughaibuni, na wameshaanza kuhesabu mshahara. Nawaambia waiweke simu kwanza, wakafungue kabati.

Hatua ya 1: Jiwekee mpaka

Wanyama wamo kwenye sarafu tangu zamani sana. Athens ya kale ilikuwa na bundi, kisiwa cha Aegina kilikuwa na kasa, Ephesus ilikuwa na nyuki. Ukisema unakusanya wanyama wote wa dunia, baada ya mwaka utakuwa na ndoo ya vyuma na hutajua kilichomo.

Chagua njia moja. Unaweza kumfuata mnyama mmoja nchi kwa nchi, simba kwa mfano, au ndege tu, au samaki tu. Unaweza pia kuchukua seti ya nchi moja na kuikamilisha. Kwa anayependa wanyama wa kufugwa, seti ya Ireland ya 1928 haina mfano. Kamati ya kuchagua michoro iliongozwa na mshairi W. B. Yeats, na michoro ya Percy Metcalfe ikashinda: kuku na vifaranga kwenye peni, nguruwe na watoto wake kwenye nusu peni, fahali kwenye shilingi, farasi kwenye nusu krauni. Nchi ndiyo kwanza imeanza kujitawala, na badala ya sura za wakubwa ikaweka mifugo ya mkulima. Mpaka leo nikiitazama ile kuku nacheka peke yangu.

Kuna maswali mawili ambayo ni vizuri uyajibu mapema. La kwanza: je, tai na simba wa nembo za serikali wanahesabiwa? Pesa ya shaba ya Wajerumani wa Afrika Mashariki, ya 1890 hadi 1892, ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Kwangu mimi yule si ndege, ni serikali, kwa hiyo simuweki. Rafiki yangu wa Mombasa anamuweka, na tumeshabishana hadi chai ikapoa.

La pili ni zito zaidi: je, unataka sarafu zilizotumika sokoni tu, au na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji? Tembo wa fedha wa Somalia hutengenezwa Munich, Ujerumani. Rwanda nayo mwaka 2008 ilianza kutoa sarafu za fedha zenye wanyama wa Afrika, ya kwanza ikiwa na sokwe wa milimani. Ni kazi nzuri, lakini hakuna aliyewahi kununulia ndizi Kigali. Mimi nimejiwekea sharti kwamba sarafu lazima iwe ya aina iliyowahi kununua kitu. Sharti hilo limeniokolea pesa nyingi kuliko nidhamu yoyote niliyonayo.

Hatua ya 2: Maliza kopo la nyumbani kwanza

Hapa usiwe na haraka. Afrika Mashariki ni mahali pazuri mno pa kuanzia, na sehemu kubwa utaipata bure.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na sarafu za mwaka huo ndizo mlango. Ndururu ya senti 5 ina samaki sulisuli. Senti 20 ina mbuni. Sumni, yaani senti 50, ina sungura. Shilingi yenyewe haina mnyama, ina mkono ulioshika mwenge. Ndiyo maana tulipoirusha juu tulisema kichwa au mwenge. Mwaka 1977 ikaja senti 10 yenye punda milia, na ukingo wake una mawimbi kama ua. Upande wa pili wa hizi zote yupo Mwalimu Nyerere.

Sasa chukua sumni mbili, moja ya 1966 na moja ya 1988, uzisogezee sumaku. Ya 1966 haitikisiki. Ya 1988 inadaka, kwa sababu ndani ni chuma kilichovikwa nikeli. Geuza: sura nayo imebadilika, ni Ali Hassan Mwinyi. Sungura ni yuleyule, ila kati ya hizo mbili kuna uchumi mzima uliopanda na kushuka. Ukishaona tofauti ya namna hiyo kwa mkono wako mwenyewe, huhitaji mtu akueleze kwa nini watu wazima wanakusanya vyuma.

Endelea na shilingi za baadaye. Shilingi 20 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ina tembo. Shilingi 50 ya 1996 ina kifaru na mtoto wake. Shilingi 100 ina swala pala wanne wanakimbia, nayo ilianza na mwaka 1993. Shilingi 200 ya 1998 ina simba wawili, na upande wa pili Sheikh Abeid Amani Karume. Mwaka 2014 noti ya jero, yaani shilingi 500, ikapata mwenzake wa chuma, nyati. Hizi za mwisho bado zinazunguka, kwa hiyo kazi yako ni kuchagua safi kabisa kutoka kwenye chenji. Fanya urafiki na mwenye duka la jumla. Mwombe akuruhusu kuchambua mfuko wa sarafu kabla hajaupeleka benki, nawe ulipe kwa noti. Wa kwangu alinishangaa wiki ya kwanza. Ya pili akawa ananitengea zinazong'aa.

Utagundua kwamba kati ya wale wanyama watano wakubwa, tembo, kifaru, simba na nyati wote wamo, ila chui hayumo. Kuna duma, lakini huyo yuko mbali na chenji ya sokoni: yumo kwenye shilingi 1,500 ya dhahabu ya 1974, iliyotolewa pamoja na shilingi 25 ya twiga na shilingi 50 ya kifaru za fedha, katika mpango wa kimataifa wa kuchangia hifadhi ya wanyamapori chini ya WWF. Nchi nyingi zilishiriki, na seti ya kawaida ilikuwa mbili za fedha na moja ya dhahabu. Hizo zinavunja sharti langu. Twiga ninaye, hata hivyo. Alikuja kama zawadi na sikuweza kumfukuza.

Kenya ilichelewa, halafu ikafanya kwa mkupuo. Kwa miongo mingi sarafu zake zilikuwa na kichwa cha rais upande mmoja na nembo ya taifa upande mwingine, mpaka Katiba ya 2010, ibara ya 231, ikakataza picha ya mtu yeyote kwenye fedha. Tarehe 11 Desemba 2018 zikazinduliwa sarafu mpya: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, tembo kwenye 20. Seti nzima ni shilingi 36 za Kenya. Sijui mkusanyo mwingine kamili unaoweza kuununua kwa chini ya bei ya chai na mandazi. Hapo pia chui hayumo.

Uganda ina korongo taji tangu 1966. Mwaka 1998 walitoa seti ninayoipenda kuliko zote za ukanda huu: swala aina ya kob kwenye shilingi 50, ng'ombe wa pembe ndefu kwenye 100, samaki wa jamii ya sato kwenye 200, na kichwa cha korongo taji kwenye 500. Kuweka samaki wa kawaida na ng'ombe wa mfugaji kando ya ndege wa taifa, hilo nalo ni jambo.

Kisha shuka chini ya kopo, kwenye zile nyeusi. Shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati wa Waingereza, iliyoanza 1921, ina simba amesimama mbele ya milima. Senti yenye tundu katikati imezungukwa na pembe za ndovu zilizopinda. Wengi wameishika miaka yote bila kuona kwamba ni pembe. Tundu hilo ni la kiwandani. Tundu lingine lolote, la msumari au la sonara aliyetengeneza kidani, linashusha thamani, ingawa mimi shilingi iliyovaliwa shingoni na mtu naiona ina habari zaidi ya iliyolala benki.

Upande wa Kongo tafuta faranga za tembo za miaka ya 1940. Faranga 2 ya 1943 ina umbo la pembe sita na ni ya shaba njano. Ilipigwa Philadelphia, Marekani, wakati Ubelgiji yenyewe ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Rwanda na Burundi walipokuwa bado pamoja, mwaka 1960, walipata faranga moja yenye simba, ambayo haikudumu kwa sababu muungano wenyewe haukudumu.

Hatua ya 3: Vifaa

Kioo cha kukuzia, kile kidogo cha fundi saa. Mizani ya mfukoni inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, aina wanayotumia masonara. Ya bei nafuu inatosha. Rula yenye milimita. Sumaku, ambayo unaweza kuitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Kitambaa laini cha kutandika mezani ili sarafu ikiponyoka isiumie. Basi.

Hatua ya 4: Jifunze kuisoma

Ishike ukingoni kwa vidole viwili, usiiguse uso, maana jasho la kidole huacha alama ambayo baada ya miezi inakuwa doa. Soma nchi, thamani, mwaka. Halafu tazama ukingo: una vijino, ni laini, au una maandishi? Pima kipenyo na uzito. Ukiwa na hayo sita na jina la mnyama, utaipata sarafu yoyote kwenye Numista, ambayo ni orodha ya mtandaoni isiyolipishwa.

Baadaye tathmini hali yake. Watu hutazama maandishi, lakini mwambia kweli ni mnyama. Uchakavu huanza palipoinuka: shavu na manyoya ya simba, sikio la tembo, bega la sungura. Chini ya kioo, kama manyoya yamelainika na kuwa kama sabuni iliyotumika, sarafu imetembea sana, hata iwe inang'aa vipi. Nimewahi kukataa sarafu iliyometameta na kuchukua nyeusi iliyokuwa kando yake, muuzaji akaniona sina akili. Ile ya kumeta ilikuwa imesuguliwa.

Mwaka una uzito wake pia. Shilingi ya simba hadi 1946 ina fedha, ingawa ni robo tu ya uzito wake. Kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Mchoro haukubadilika. Asiyesoma mwaka atalipia fedha na kwenda nyumbani na nikeli.

Hatua ya 5: Usiisafishe

Naomba usome hapa polepole, kwa sababu mimi sikusoma.

Nilipata shilingi ya simba ya 1922 kutoka kwa shangazi. Ilikuwa nyeusi ya kijivu, na simba anaonekana vizuri kabisa. Nilitaka kuipendezesha kabla sijamwonyesha mtu. Nikachukua limau na majivu, kama tunavyosugua sufuria za shaba, nikaisugua dakika kumi. Ilitoka inang'aa na nikafurahi usiku mzima. Asubuhi, kwenye mwanga wa jua, niliona mikwaruzo kama ya wavu, na kwa kuwa fedha ni robo tu, kule chini kulijitokeza rangi ya manjano-manjano. Manyoya ya simba, yaliyokuwa yamevumilia masoko ya miaka yote ile, niliyamaliza mimi kwa dakika kumi. Bado ninayo. Nimeiweka ukurasa wa kwanza wa albamu.

Ule weusi si uchafu. Ni ngozi ya juu ya sarafu yenyewe, na mnunuzi anayejua huilipia. Kwa hiyo usitumie limau, siki, dawa ya meno, soda ya kuokea, mchanga wala kitambaa cha kung'arishia. Kama kuna udongo kweli, iloweke kwenye maji yaliyokenekwa kwa siku moja au mbili, ukibadilisha maji, kisha iache ikauke juu ya pamba bila kuisugua. Gundi ya karatasi ya bei au mafuta ya mkono hutoka kwa asetoni safi, ukiwa nje penye hewa na mbali na moto. Ile ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato na rangi haifai. Doa la kijani linaloota na kuacha unga mkononi ni ugonjwa wa shaba. Sarafu hiyo itenge na wenzake hata kama huna la kuifanyia.

Hatua ya 6: Mahali pa kuziweka

Pwani chumvi na unyevu vinakula kila kitu, na sarafu ni chakula chepesi. Kopo la bibi lilisaidia kwa sababu lilifungwa kwa nguvu, ingawa sarafu zilisuguana humo miaka yote.

Tumia vikadi vyenye kidirisha cha plastiki ngumu angavu, au kurasa za albamu zilizoandikwa kwamba hazina PVC. PVC ndiyo ile plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni; ikwepe. Baada ya muda hutoa ute wa kijani unaonata na kuila sarafu. Kama pini za kikadi zimejitokeza, zibonyeze kwa koleo, la sivyo zitaikwaruza ya jirani. Ndani ya boksi weka vile vifuko vya punje vinavyokuja na viatu vipya. Mimi navibadilisha kila masika ikikaribia. Boksi likae kabatini, mbali na ukuta wa nje, na lisiwe jikoni.

Hatua ya 7: Daftari

Andika namba yako mwenyewe, nchi, thamani, mwaka, mnyama, uzito, bei, na nani alikupa au ulinunua wapi. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, na ndilo pekee ambalo huwezi kulipata mtandaoni. Kwenye daftari langu namba 31 imeandikwa hivi: "Ngwee 1, Zambia, 1968, muhanga. Kutoka kwa baba wa jirani, fundi wa TAZARA." Muhanga hutoka usiku na kuchimba mchwa, watu wengi wamezaliwa na kuzeeka penye mashimo yake bila kumwona. Mimi nilimwona mara ya kwanza kwenye ngwee hiyo.

Hatua ya 8: Waombe wanaosafiri

Maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hayapokei sarafu za kigeni. Maana yake kila msafiri hurudi na vyuma mfukoni visivyo na kazi. Kazi unayo wewe.

Aliyefanya kazi Dubai au Abu Dhabi mwombe filsi 25, ina paa. Aliyetoka Kanada atakuwa na senti 5 yenye biva, yule mnyama mkata miti, na dola 2 yenye dubu mweupe, iliyotoka 1996. Wa Australia ataleta kangaruu watano kwenye dola moja, na senti 20 yenye yule mnyama wa mdomo wa bata, kazi ya Stuart Devlin ya 1966. Sarafu za Afrika Kusini za kabla ya 2023 zina swala wao, springbok, kwenye randi 1, tandala kwenye randi 2 na nyumbu kwenye randi 5. Iceland wameweka samaki, kaa na pomboo kwenye krona zao, na anayekusanya samaki asiikose hiyo.

Lakini kwa mtu wa pwani yetu, samaki wa kumtafuta ni wa Komoro. Faranga 5 ya 1984, nyepesi kwa kuwa ni ya alumini, ina silikanti. Huyu ni samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro hawakushangaa sana; walikuwa na jina lake, gombessa, na walijua nyama yake si tamu. Kuanzia 2003 wakaanza kunaswa Tanzania, na leo Tanga kuna hifadhi ya bahari yenye jina la silikanti. Nilipoipata faranga hiyo nilimpelekea mvuvi mmoja mzee wa Tanga.

"Shikamoo babu. Unamjua huyu?"

Aliigeuzageuza, akaisogeza mbali na macho. "Marahaba. Namjua. Huyu hana faida." Akanirudishia.

Hatua ya 9: Unaponunua

Siku itafika kopo na marafiki havitoshi. Nenda kwenye maduka ya vitu vya kale, kama yale ya Mji Mkongwe Unguja, mchana wa siku isiyo na meli ya watalii. Salimia, kaa, usitaje unachotaka. Bei ya kwanza ni ya mgeni. Omba kuona sinia zima, maana mara nyingi muuzaji hupanga kwa ukubwa na hajui kwamba kati ya shilingi kumi za simba moja ni ya mwaka adimu. Pitia pia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Shaba ni shaba kwao, na faranga za tembo zimeshaishia kwenye tanuru nyingi tu.

Kuhusu bandia, zile za bei ndogo hakuna anayejisumbua kuzighushi. Hatari iko kwenye chache zenye jina, na kwetu jina kubwa ni tembo wa Tabora. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewazingira Wajerumani na meli zao hazifiki, walipiga rupia 15 za dhahabu kwenye karakana ya reli ya Tabora. Upande mmoja kuna tai wao. Upande mwingine tembo ameinua mkonga, mlima ukiwa nyuma yake. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji. Zilipigwa elfu kumi na kitu tu, na dunia nzima inazitaka.

Kwa hiyo mtu akikunong'oneza kwamba anaye tembo wa Tabora kwa bei ya udugu, toa mizani. Halisi ina takribani gramu 7.17, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu. Isogezee sumaku. Kagua ukingo kwa kioo: mstari wa kuunganisha, kama wa ndoo ya plastiki, unaonyesha ilimiminwa kwenye kalibu, na sarafu halisi hupigwa, haimiminwi. Tafuta vitundu vidogo kama vya uji uliochemka. Ikipita yote hayo, nenda naye kwa sonara unayemwamini wewe, si anayemwamini yeye. Akikataa kwenda, maliza chai yako uondoke.

Jambo jingine, la kisheria. Tanzania Bara, kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale. Sarafu za kale za Kilwa zinaingia humo, na kwa vyovyote hazina wanyama. Ukiletewa kwenye kitambaa na mtu aliyechimba, usinunue.

Hatua ya 10: Kubadilishana

Weka ziada. Kila ukipata nyati msafi, chukua watatu. Mkusanyaji wa Ulaya anaweza kukosa usingizi kwa ajili ya senti 10 ya punda milia, huku wewe unazo sita, na yeye ana mfuko wa vitu ambavyo hutaviona Tanga. Kubalianeni kwa picha, pande zote mbili, mchana, bila mwanga wa simu. Anza na sarafu tatu au nne za bei ndogo mpaka muaminiane. Mimi chui wangu natarajia kumpata hivyo, kwenye ule mfululizo wa wanyama watano wakubwa ambao Afrika Kusini ilianza kuutoa 2019, ingawa nitalazimika kulivunja sharti langu mara ya pili.

Unapotuma kwa posta, sarafu isicheze ndani ya bahasha. Kata vipande viwili vya boksi gumu, bandika kila sarafu kwenye karatasi yake katikati ya vipande hivyo kwa gundi ya karatasi isiyogusa chuma, funga pande zote nne, kisha tikisa karibu na sikio. Ukisikia chochote, fungua uanze upya.